Siku Zisizokaguliwa

Katika lugha ya sheria za Kenya mna neno moja dogo ambalo mshairi angelitilia shaka tangu kulisikia. Neno lenyewe ni "aweza". Waziri aweza kutunga kanuni za kutekeleza sheria hii. Aghalabu huwekwa mwishoni, katika kifungu ambacho msomaji hukifikia amekwisha choka, na kwa sauti lina upole na adabu. Sisi tuliolelewa na vina na mizani twajua kwamba mizani mbili tatu zatosha kuupotoa ubeti mzima. Hapa "aweza" imekaa mahali pa "lazima", na kwa badiliko hilo tu, sheria iliyojadiliwa Bungeni, ikapigiwa kura, ikatiwa saini na kuchapishwa katika Gazeti Rasmi la Serikali, hubaki kama jahazi lililokamilika mbao na misumari, likaachwa ufuoni bila tanga wala usukani.

Nieleze kwa ufupi kwa ajili ya asiyeshughulika na mambo haya. Sheria husema jambo fulani limekatazwa. Kanuni ndizo zinazosema nani atakwenda dukani kulikagua, amebeba karatasi gani, maandishi ya onyo yawe na ukubwa gani, na mwenye kosa apelekwe kwa nani. Pasi na kanuni, afisa wa afya ana haki lakini hana njia. Mfanyabiashara naye hulijua hilo kabla ya afisa.

Niliyaona haya kwa macho yangu mwaka 2016, nilipomsindikiza binti wa ndugu yangu kliniki na mwanawe wa wiki sita. Sitaitaja zahanati ile, maana wauguzi wake walikuwa watu wema na kosa halikuwa lao. Katika chumba walimokaa akina mama wanyonyeshao ilitundikwa kalenda kubwa, ya kupendeza, yenye picha ya mtoto mnene anayecheka na kopo la maziwa ya unga ubavuni pake. Ilitolewa bure na wauzaji wa maziwa yale. Nikamwuliza muuguzi, "Dada, kwani sheria haikuyakataza matangazo haya?" Akanitazama kwa huruma, kama mtu amtazamavyo mzee aliyepotea njia. "Sheria ipo, Mwalimu. Ila hatujaletewa mwongozo wa kuitekeleza. Na nikiiondoa kalenda, tarehe za chanjo nitazihesabia wapi?"

Alikuwa na haki. Sheria ya kudhibiti bidhaa zinazouzwa badala ya maziwa ya mama ilipitishwa Kenya mwaka 2012. Mkutano Mkuu wa Shirika la Afya Duniani ulikuwa umekwisha pitisha mwongozo wa kimataifa juu ya uuzaji wa bidhaa hizo tangu 1981, kwa sababu ambayo bibi yeyote wa visiwani aielewa bila kufundishwa: maziwa ya unga hukorogwa kwa maji, na maji yakiwa machafu, au unga ukipunguzwa ili kopo lidumu hadi mwisho wa mwezi, mtoto huharisha, hudhoofika, hufa. Huku kwetu, ambako mji wa Lamu wategemea visima vya michangani Shela, na ambako vijiji vya kisiwa cha Pate hukinga maji ya mvua katika majabia, hilo si somo la vitabuni. Basi Kenya ilichukua miaka 31 kuufikia mlango wa sheria. Hiyo tuisamehe, kwani yalikuwa mambo ya serikali nyingi na zama nyingi. Lakini baada ya kuufikia mlango ikaketi kizingitini. Kanuni za sheria hiyo zilitoka mwaka 2021. Mtoto aliyezaliwa siku sheria ilipotiwa saini alikuwa amekwisha achishwa ziwa, ameota meno, ameyang'oa, ameota mengine, na anaweza kuisoma mwenyewe kalenda ya ukutani.

Miaka tisa. Nani aliulizwa? Ni afisa gani aliyeitwa mbele ya kamati ya Bunge akatakiwa aeleze Januari ilikwendapi, na Februari, na Machi? Lau zingepotea shilingi milioni tisa, Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali angeziandika katika ripoti yake, na magazeti yangezipigia mbiu. Miaka tisa haikuandikwa popote kuwa hasara.

Sasa tutazame upande wa pili wa wizara ile ile. Sheria ya Bima ya Afya ya Jamii, iliyoufuta ule mfuko wa zamani wa bima ya hospitali uliokuwapo tangu 1966, ilitiwa saini Oktoba 19, 2023. Kanuni zake, zinazoeleza kwamba mfanyakazi akatwe asilimia 2.75 ya mshahara wake na kwamba asiye na mshahara naye asilipe chini ya shilingi 300 kwa mwezi, zilikuwa tayari Machi 2024. Miezi mitano! Na katikati ya miezi hiyo mahakama ilikwisha kuusimamisha mpango kwa muda, ukarejea. Kumbe mikono ya kuandika ipo, wino upo, na mpiga chapa wa serikali hajavunjika mguu. Kanuni ya kumkata raia imepatikana kabla ya msimu wa kusi kuanza. Kanuni ya kumkinga mtoto mchanga imesubiri hadi mtoto ameacha kuwa mchanga.

Atatokea mtetezi aseme kwamba kanuni hazitungwi usiku mmoja, kwamba Katiba ya 2010 yataka wananchi washirikishwe, na kwamba zikitungwa ovyo mahakama itazitupa. Maneno yake yana ukweli, wala sitaki kuupuuza. Mashauriano ni haki yetu. Mahakama Kuu ndiyo iliyosema Julai 2024 kwamba sheria tatu za afya za mwaka uliotangulia, hiyo ya bima ikiwa mojawapo, zilikiuka Katiba, na miongoni mwa sababu ni kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Mahakama ya Rufani ikaja ikausitisha utekelezaji wa hukumu hiyo Septemba mwaka huo huo, na mpango ukaanza Oktoba mosi. Lakini oneni kinyume chake. Palipokuwa na makato, mashauriano yaliharakishwa hata mahakama ikakasirika. Palipokuwa na kinga, mashauriano ndiyo yaliyokuwa kisingizio cha kukawia. Mtu mmoja hawezi kuwa na mguu mwepesi anapokwenda sokoni na mguu mzito anapoitwa kuzima moto, kisha akataka tuamini kwamba ni maradhi ya mguu.

Tumbaku nayo ina kisa chake. Sheria ya kuidhibiti ni ya mwaka 2007. Kanuni zilizoikamilisha, ambazo pamoja na mengine ziliwataka watengenezaji wachangie asilimia 2 ya thamani ya bidhaa zao katika mfuko wa kudhibiti tumbaku, na zikawataka maafisa wa umma wadhihirishe mikutano yao na kampuni hizo, zilichapishwa Desemba 2014. Kampuni ya British American Tobacco ikaenda mahakamani. Ikashindwa Mahakama Kuu mwaka 2016, ikashindwa Mahakama ya Rufani mwaka 2017, na mwishowe ikashindwa Mahakama ya Juu Novemba 2019. Ile miaka mitano ya kesi na iandikwe katika daftari la kampuni. Miaka saba iliyotangulia, baina ya sheria na kanuni, tuiandike katika daftari la nani?

Nimesema makato, na hapana budi nirudi kwenye neno hilo, maana sisi wa Lamu twalijua ladha yake. Mwaka 2015 serikali kuu ilianzisha mpango wa kukodi vifaa vya hospitali: kila kaunti ipate hospitali mbili zenye mashine za kusafishia figo, eksirei, vifaa vya upasuaji na vya wagonjwa mahututi. Jambo jema kulisikia. Kaunti zote 47 zikatozwa kiasi kimoja, shilingi milioni 95 kwa mwaka, baadaye kikapandishwa hadi milioni 200. Kiasi kimoja! Lamu, ambayo sensa ya 2019 iliihesabia watu 143,920, ikatozwa sawasawa na Nairobi yenye watu zaidi ya milioni nne. Katika harusi zetu hata mchango wa mchele hupimwa kwa uwezo wa mtoaji. Hakuna anayemtaka mvuvi wa ngalawa alete magunia sawa na mwenye meli. Wala fedha hizo hazikusubiri kufika kisiwani ndipo zikatwe. Zilishikwa huko huko Nairobi. Magavana walilalamika kwamba wametiwa katika mkataba wasiouona. Na kamati ya Seneti iliyouchunguza mpango huo ilieleza mwaka 2020 habari za mashine zilizokaa bure kwa kukosa umeme, au maji, au mtaalamu wa kuziendesha, ikauhukumu mpango wote kuwa ni uhalifu uliofunikwa kwa usiri wa zabuni. Mwaka nenda mwaka rudi mashine iliweza kulala, makato hayakulala.

Ndipo nasema kwamba katika wizara hii mna saa mbili ukutani. Moja ni ya fedha, nayo haipotezi dakika. Nyingine ni ya kanuni, nayo imesimama, na kila waziri mpya huitazama na kudhani ndio kwanza asubuhi.

Mwaka wa korona tuliisikia ile ya kwanza ikigonga kwa nguvu. KEMSA, shirika la serikali la kununua na kusambaza dawa na vifaa vya tiba, lilinunua barakoa na mavazi ya kinga kwa mabilioni, na ukaguzi maalumu wa Mkaguzi Mkuu ukaonyesha Septemba 2020 kwamba manunuzi yalivunja taratibu na kwamba shehena kubwa ilibaki ghalani, imenunuliwa kwa bei ambayo soko halikuwa nayo tena. Wakati huo huo madaktari na wauguzi waligoma wakidai mavazi hayo hayo. Rais wa wakati ule aliwapa wachunguzi siku 21. Nakumbuka nilifurahi kusikia siku zikihesabiwa, kwa mara moja tu, na kiongozi. Siku 21 zilipita, na vikao vya kamati za Bunge viliendelea hadi mwaka uliofuata. Mei 2023 shirika lile lile likarudi vinywani mwa watu kwa zabuni ya vyandarua vya malaria vilivyogharimiwa na mfuko wa kimataifa. Bodi ikavunjwa, na mfuko ukaamua vyandarua vinunuliwe kwa njia nyingine.

Hata huo mpango mpya wa bima haukukaa muda mrefu bila hoja. Ripoti ya Mkaguzi Mkuu iliyotangazwa Machi 2025 ilisema kwamba mfumo wa kompyuta wa kuuendesha, wenye gharama ya shilingi bilioni 104.8, ulipatikana bila ushindani wa wazi, na kwamba serikali haiumiliki. Wizara ilijibu kwamba hakuna fedha zilizolipwa mapema, na kwamba kampuni zitalipwa kadiri mfumo unavyotumika. Jibu hilo lastahili kusikilizwa. Lakini mpangaji anayelipa kodi kadiri anavyolala bado hajajenga nyumba.

Mwaka 1968 Abdilatif Abdalla wa Mombasa aliandika kijitabu chenye kichwa cha maneno mawili, Kenya: Twendapi?, na kwa swali hilo akafungwa miaka mitatu. Leo swali la fedha zimekwendapi huulizwa na ofisi ya serikali yenyewe, kwa herufi za chapa, kila mwaka. Hayo ni maendeleo, na walioyalipia tunawajua. Ila mkaguzi huuliza kuhusu shilingi kwa kuwa Katiba imemwamuru aulize kuhusu shilingi. Kifungu cha 229 chamtaka atoe ripoti ndani ya miezi sita baada ya mwaka wa fedha kwisha, na Bunge nalo liijadili na kuchukua hatua ndani ya miezi mitatu. Angalia jinsi anayekagua alivyowekewa siku. Sheria ya mwaka 2013 inayosimamia utungaji wa kanuni nayo yamtaka waziri azifikishe Bungeni ndani ya siku saba za vikao baada ya kuchapishwa. Kila mtu amepewa siku zake isipokuwa yule anayetakiwa kuianza kazi.

Na aondolewe "aweza". Kila sheria ya afya iseme kwamba waziri lazima atunge kanuni, na itaje miezi. Miezi ikipita, ripoti ya Mkaguzi iwe na safu ya pili kando ya safu ya shilingi, yenye jina la sheria, siku zilizochelewa, na cheo cha afisa aliyekalia faili. Wabunge wetu wa pwani, ambao huja kuomba kura wakiwa na mashairi ya kukodi, wanaweza kuuleta mswada huo kabla ya uchaguzi ujao. Nami niko tayari kuwaandikia utenzi wa bure.

Kuna jambo jingine katika ile sheria ya 2013 ambalo ni wachache wanaolitaja. Kanuni yoyote huisha yenyewe miaka kumi baada ya kutungwa, isipoongezewa muda au kutungwa upya. Za tumbaku zilitumia karibu nusu ya umri wake zikibishaniwa mahakamani. Za maziwa ya watoto, zilizotoka 2021, umri wake waisha 2031. Je, katika wizara kuna mtu aliyekwisha kuanza kuziandika nyingine, na anaandikia kalenda ya nani?