Mvi za watoto: tusome kabla ya kunyoa

Jumatatu moja asubuhi, katika shule ya msingi isiyo mbali na mji wa Voi, nilimwona mvulana wa miaka kumi amesimama mstarini kichwa kikiwa kimenyolewa hadi ngozi inang'aa. Nilipouliza kulikoni, wenzake walinijibu kwa kicheko: "Huyo ni Babu, mwalimu. Amenyolewa mvi zake."

Kumbe mtoto yule alikuwa na nywele nyeupe zilizotapakaa utosini na nyuma ya masikio. Mwalimu wa zamu wa wiki iliyotangulia alikuwa amemwagiza mama yake amnyoe, eti asiwavurugie wenzake masomo. Mama alitii. Kabla ya hapo, kama nilivyokuja kuambiwa, alikuwa amekwisha kujaribu rangi nyeusi ya unga inayouzwa madukani katika vipakiti vidogo, na mtoto akakaa nyumbani siku mbili macho yamemvimba.

Sikisimulii kisa hiki kwa nia ya kumsuta mtu. Mwalimu yule hakuwa mkatili, na mama alifanya alilodhani ni la heri. Ila nimekaa nikitafakari jinsi sisi watu wazima, tulipoona jambo tusilolielewa juu ya kichwa cha mtoto, tulivyokimbilia wembe na rangi, pasi na hata mmoja wetu kuuliza nywele zile zilikuwa zinasema nini.

Nywele husema. Unywele unaoonekana nje ya ngozi ni kitu kisicho na uhai, na rangi yake hutiwa kule chini, kwenye shina, na chembe maalumu zinazotengeneza rangi iitwayo melanini. Unywele ukishatoka haubadiliki rangi wenyewe. Kwa kuwa hukua kwa takribani sentimita moja kwa mwezi, nywele zenye urefu wa sentimita tatu ni kumbukumbu ya miezi mitatu ya maisha ya mwenyewe. Chembe zile zikidhoofika au zikikosa mahitaji yao, unywele hutoka umefifia au mweupe kabisa. Hii ndiyo sababu hadithi za mtu kulala na nywele nyeusi na kuamka na mvi kichwa kizima hazina mashiko.

Madaktari wa ngozi huzihesabu mvi kuwa za mapema zikimtoka Mzungu kabla ya miaka 20, Mwasia kabla ya 25, na Mwafrika kabla ya 30. Basi mtoto wa miaka kumi yu mbali sana na mpaka huo, na mzazi ana haki ya kushtuka. Hata hivyo, aghalabu sababu ni urithi tu. Mvi za mapema hufuata ukoo kama vile urefu au mwanya. Mwaka 2016 watafiti wa University College London, baada ya kuchunguza watu zaidi ya 6,000 wa Amerika ya Kilatini, walitaja kwa mara ya kwanza jeni inayohusika na mvi, iitwayo IRF4. Kwa hiyo swali la kwanza si la maabara. Ni swali la kumuuliza nyanya: katika nyumba hii, nani mwingine alitokwa na mvi angali kijana?

Mama wa mvulana wetu alipoulizwa swali hilo alicheka kwa mara ya kwanza tangu aingie ofisini. Baba yake mzazi, wa kule Sagalla, aliitwa "Mzee" na rika lake tangu alipokuwa akichunga mbuzi.

Zipo sababu nyingine ambazo mwalimu makini aweza kuzitambua kwa macho. Mtoto mwenye mbalanga huwa na baka jeupe kwenye ngozi, na nywele zinazoota juu ya baka hilo nazo huwa nyeupe. Mwenye mapunye huwa na mabaka yenye magamba ya kijivu na nywele zilizokatika, ambayo kwa mbali hudhaniwa kuwa mvi. Huyo anahitaji vidonge vya zahanati, na wembe wa kuazimana humwambukiza jirani. Halafu kuna hali adimu ya kurithi iliyopewa jina la daktari Mholanzi, Waardenburg, aliyeieleza mwaka 1951. Mtoto huzaliwa na kishungi cheupe juu ya paji la uso, pengine na macho ya samawati, na pengine akiwa kiziwi. Taarifa ya kitabibu kuhusu Waafrika wa Kenya wenye hali hiyo ilichapishwa mwaka 1978. Naitaja hapa kwa sababu moja tu: mtoto wa namna hiyo akikaa kimya darasani huitwa mkaidi au mzito wa akili, ilhali hasikii. Kishungi kile kingetosha kumfanya mwalimu amsogelee na kumpima masikio, lakini kikinyolewa, dalili imekwenda na takataka.

Sasa niingie katika jambo lililonifanya nishike kalamu. Wakati sote tukimkodolea macho yule aliyeitwa Babu, dawati moja na yeye aliketi mvulana mwingine ambaye hakuna aliyemcheka. Nywele zake hazikuwa nyeupe. Zilikuwa nyepesi, kavu, zenye wekundu wa kahawia kama ndevu za mahindi, na ukizivuta kidogo zinang'oka bila maumivu. Tulimpita kila siku. Baadhi yetu tulidhani ni vumbi jekundu la Voi, ambalo kwa kweli hupaka kila kitu rangi, hata tembo wa Tsavo.

Hizo ndizo nywele za njaa. Mwaka 1933 daktari Cicely Williams, aliyekuwa akifanya kazi Gold Coast, ambayo leo ni Ghana, alieleza ugonjwa wa watoto wanaokosa lishe ya kutosha, ambao baadaye aliutaja kwa jina la Kiga, kwashiorkor. Sisi tunauita unyafuzi. Pamoja na kuvimba miguu na kuchubuka ngozi, nywele za mtoto hupoteza weusi wake. Mtoto akipata chakula kizuri kwa miezi kadhaa kisha akakikosa tena, nywele hutoka kwa vipande, cheusi kikifuatwa na kilichopauka, na madaktari huiita hali hiyo ishara ya bendera. Unyafuzi wenyewe huwapata zaidi wadogo wa chini ya miaka mitano, lakini nywele zilizopauka huweza kuonekana hata kwa mtoto wa shule aliyedhoofika kwa kukosa chakula.

Nani asiyejua habari za njaa katika kaunti hii? Takribani asilimia 62 ya ardhi ya Taita Taveta imo ndani ya mbuga za Tsavo. Katika iliyobaki, wa vilimani Wundanyi hupata mvua na mboga, lakini wa Kasigau, Maktau na tambarare za Voi hulima wakiomba Mungu, na mahindi yakikomaa tembo huja kuyavuna kabla yao. Kuanzia mwishoni mwa 2020 hadi mwishoni mwa 2022, misimu mitano mfululizo ya mvua ilikosa katika maeneo kame ya nchi. Watoto walioonja ukame ule wakiwa wachanga ndio tulio nao madarasani leo.

Yupo atakayeuliza: je, shule hazitoi chakula? Mpango wa chakula shuleni ulianza mwaka 1980 kwa ushirikiano wa serikali na Shirika la Chakula Duniani, na mwaka 2018 ukabaki mikononi mwa serikali peke yake. Mahindi na maharagwe yameokoa wengi, nami siwezi kuyabeza. Lakini yana upungufu mmoja unaohusu mada yetu. Vitamini B12, ambayo ukosefu wake ni miongoni mwa sababu zinazojulikana za mvi za mapema, haimo katika mahindi wala maharagwe. Haimo katika mchicha, wala mbaazi, wala kimanga, hata kikipondwa vizuri namna gani. Hupatikana katika nyama, samaki, mayai na maziwa. Vipo visa vilivyoandikwa na madaktari ambapo mgonjwa mwenye nywele nyeupe aliporejeshewa vitamini hiyo, nywele mpya zilitoka nyeusi.

Ushahidi wa upungufu huo tunao humu nchini. Kuanzia mwaka 1998 watafiti wakiwemo Profesa Nimrod Bwibo wa Chuo Kikuu cha Nairobi na Charlotte Neumann wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, waliwagawa wanafunzi wa shule za msingi za Embu katika makundi. Wengine walipewa githeri yenye nyama, wengine githeri na maziwa, wengine githeri iliyoongezwa mafuta, na kundi la mwisho halikupewa kitu. Damu ilipopimwa, watoto walionekana kukosa virutubisho vingi, na kirutubisho pekee kilichopanda kwa dhahiri kwa wale waliopata nyama au maziwa kilikuwa ni B12. Taarifa hiyo ilitoka mwaka 2003. Utafiti ule ulihusu damu, haukuhusu nywele, nami sitaki kuupachika neno usilolisema. Lakini waalimu wenzangu watafurahi kusikia kwamba waliokula nyama ndio waliosonga mbele zaidi katika mtihani wa kupima uwezo wa kufikiri.

Wa umri wangu watakumbuka maziwa ya Nyayo, yaliyoanza mwaka 1979, katika vile vipakiti vya pembetatu. Tuliyanywa kwa kelele na kuyamwaga kwa utundu. Ni ajabu kwamba kaunti yenye ranchi kubwa za ng'ombe kando ya barabara, na Ziwa Jipe lenye samaki kule Taveta, ina watoto ambao nyama na samaki huviona Krismasi.

Kuna upande mwingine ambao siwezi kuupita kimya. Mtoto akiwa na mvi, si wote watakaofikiria vitamini. Zamani Wadawida waliamini kwamba maradhi ya mtoto yaweza kuletwa na hasira iliyofichwa moyoni mwa jamaa yake, aliye hai au aliyekufa. Wazee walifanya kutasa: mtu hutia kinywaji mdomoni, hukitema kwa kukinyunyiza, na kutamka maneno ya kuitoa hasira ile. Mwanaanthropolojia Grace Harris aliandika kitabu kizima juu ya dini hiyo mwaka 1978. Mimi siicheki desturi ile, maana iliwaita jamaa wakae pamoja na kusemezana habari za mtoto. Tena mwaka 2020 wanasayansi wa Harvard walionyesha, kwa panya, jinsi dhiki inavyochochea mishipa ya fahamu hadi chembe zinazohifadhi rangi ya manyoya zikaisha. Panya si mtoto, lakini swali la "kuna nini nyumbani kwenu?" bado ni swali zuri.

Kinachonitia hofu ni imani ya namna nyingine. Kwa majirani zetu wa Kilifi wazee wameuawa kwa kusingiziwa uchawi, na mvi zimegeuka hatia, hata wengine hupaka nywele zao rangi ili wapate kuishi. Kaya Godoma, kule Ganze, imekuwa kimbilio la waliookoka. Pale ambapo mvi za mzee wa miaka 70 humtia mashakani, mvi za mtoto wa miaka kumi zitamtia wapi? Jina la utani "Babu" laweza kuonekana mzaha mstarini. Likifika kijijini na kukutana na kifo cha ghafla au ng'ombe aliyekufa, si mzaha tena.

Ndiyo maana naona agizo la kunyoa ni kosa, japo limevaa sura ya nidhamu. Wahudumu wa afya ya jamii hupima mikono ya watoto kwa ule utepe wenye rangi tatu, lakini kazi hiyo hulenga wa chini ya miaka mitano. Mtoto akishaingia shule hapimwi na mtu mara kwa mara. Anayemwona kila siku, mchana kweupe, kwa miezi tisa ya mwaka, ni mwalimu. Na sisi tumekuwa tukiifuta kumbukumbu ile kila mwisho wa juma kwa mashine ya kunyolea. Usafi wa kichwa ni jambo jema, na nywele fupi zinatosha. Sioni haja ya kukwangua hadi ngozi ili kuficha rangi. Ama rangi za dukani, nyingi zina kemikali iitwayo PPD inayoweza kuunguza na kuvimbisha ngozi, na katika nchi za Umoja wa Ulaya pakiti zake huandikwa kwamba hazikukusudiwa kwa wa chini ya miaka 16.

Ninyi wanafunzi mnaosoma ukurasa huu, mwenzenu akiwa na mvi hajawakosea. Mwiteni kwa jina lake.

Mvulana wetu alipelekwa hospitali ya rufaa ya kaunti pale Voi, akapimwa damu na ile tezi ya shingoni iitwayo thairoidi, ambayo nayo ikiharibika huweza kuleta mvi. Hakukutwa na ugonjwa. Nywele zimemwota tena, nyeusi kwa nyeupe, na sasa zina urefu wa kiungo cha kidole. Jirani yake wa dawatini ndiye aliyebaki kliniki. Uzito wake ulikuwa wa mtoto wa miaka sita, na nyumbani walikuwa wakila mara moja kwa siku tangu baba alipoachishwa kazi ya vibarua shambani. Amepewa mayai na unga wa lishe, na kila Ijumaa huja ofisini kwangu tuangalie shina la nywele zake. Juzi lilianza kuwa jeusi.