"Hadi" yao, hela yetu

Najua nimepotea humu wiki tatu nzima. Nilikuwepo tu geto, naangalia kiduara kinavyozunguka kwenye skrini.

Iko hivi. Bumu lilipotoka, sisi wanne wa geto letu hapa Changanyikeni tulikaa tukasema jamani, bando za simu zinatumaliza. Unajiunga la wiki Jumatatu, Alhamisi limekata. Tuchange tuweke intaneti ya nyumbani. Elfu 25 kila mtu, laki moja kwa mwezi. Bango lilisema: bila kikomo, kasi hadi Mbps 20, ruta bure. Nani akatae?

Wiki ya kwanza ilikuwa raha mustarehe. Siku ya kumi na moja napandisha video ya somo langu la majaribio, MB 300, mwisho wa kupokelewa saa sita usiku. Haiendi. Nikapiga simu huduma kwa wateja.

"Kaka, mmefikia kiwango cha matumizi ya haki. Kasi imeshushwa mpaka Mbps 1."

"Dada yangu, si mmeandika bila kikomo?"

"Ndiyo kaka, haina kikomo. Haijakatika, imepungua tu."

Nikakosa la kusema. Mimi nasomea ualimu, somo langu la kufundishia Kiswahili, na sikujua kumbe neno "kikomo" lina maana mbili, moja ya kamusi na moja ya bango.

Tupige hesabu. Kasi inatangazwa kwa megabiti, faili linapimwa kwa megabaiti, na baiti moja ni biti 8. MB 300 ni megabiti 2,400. Kwa Mbps 1 hizo ni sekunde 2,400, yaani dakika 40, tena kama niko peke yangu. Tulikuwa wanne. Video ilipofika, mfumo ulishafungwa. Alama 10 za kozi zimekwenda na maji, na mwalimu simlaumu, muda ni muda.

Sasa kuna mshkaji ataniambia, ndugu, intaneti ya bongo ndivyo ilivyo, zoea. Hapana. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za EASSy na SEACOM zilikatika baharini, mtandao ukayumba, tukavumilia. Ile ilikuwa ajali. Hii si ajali, imepangwa na kuandikwa kwa maandishi ya kutafutia miwani. Tumeuziwa mbuzi kwenye gunia.

Ubaya wote umekaa kwenye neno "hadi". Hadi 20 maana yake 20 ndiyo dari. Sakafu ni ngapi? Hawasemi. Mbps 1 iko ndani ya "hadi 20", hata sifuri imo. Mwanafunzi akiniandikia jibu la hivyo kwenye mtihani, nampa kosa.

Watajitetea kwamba mnara ni wa wengi, saa mbili usiku mtaa mzima uko hewani. Kweli kabisa, na mimi nakubali. Basi andikeni kasi ya saa mbili usiku! Kama mnajua lini mtanipunguzia, mnashindwaje kuniambia kabla sijalipa?

Na sisi wanafunzi tuna kosa letu. Tunalinganisha kampuni kwa bei ya mwezi peke yake. Baada ya kuumia nilizunguka kuuliza, nikakuta mahali pengine laki 2 ya ruta, halafu elfu 70 kwa mwezi. Tuliikimbia mwanzoni kwa sababu ya ile laki 2. Hebu tazama: kwa miezi minne yetu ni laki 4, yao laki 4 na elfu 80. Yetu rahisi. Kwa miezi minane yetu ni laki 8, yao laki 7 na elfu 60. Imegeuka. Kuanzia mwezi wa saba "ruta bure" ndiyo ghali. Kwa hiyo swali la kwanza ni hili: utakaa hapo miezi mingapi? Na likizo ndefu, na mafunzo ya ualimu mkoani, bado unalipia?

Swali la pili ni ruta yenyewe. Imefungiwa laini ya kampuni moja au inakubali yoyote? Iliyofungiwa, ukihama kampuni ni kopo. Iliyo wazi unaweza kwenda nayo nyumbani au kuiuza.

La tatu, vifaa vyako. Mwenzangu wa Hisabati ana laptopu ya zamani, ikawa haioni mtandao wenye "5G" mwishoni mwa jina. Tukadhani mbovu. Kumbe hiyo 5G ya kwenye jina la Wi-Fi ni masafa ya gigahezi 5, haihusiani na 5G ya mnara, na laptopu yake inashika 2.4 tu. Na ruta ya 5G ukiiweka mtaa ambao 5G haijafika, itashika 4G kama zile za bei ndogo. Kama faiba imepita mtaani kwenu, ulizia hiyo kwanza, maana waya haugombaniwi kama mnara. Ila usisahau kuuliza kasi ya kupandisha, kwa sababu mabango mengi yanataja ya kushusha tu, na asaimenti zinapanda.

Msimamo wangu ni huu: TCRA iwabane watoa huduma waweke vitu vitatu kwenye bango, kwa herufi kubwa kama zile za bei. Kasi ya usiku, GB ambazo baada yake kasi inashushwa na inashushwa mpaka ngapi, na kama ruta imefungwa. Pakiti ya unga inaandikwa kilo ngapi. Intaneti ina nini cha ajabu?

Mpaka siku hiyo, ukiona "hadi" kwenye bango, uliza "kuanzia ngapi?" Asipokujibu, tunza elfu 25 yako.

Hii nimeipandisha kwa bando la simu, la elfu moja. Usiku mwema wadau, tupo pamoja.