Samora si jina la kituo

Juzi nilisimama pale Mnara wa Saa, katikati ya Dar es Salaam, na jamaa yangu mmoja, msomi, digrii yake ya biashara hiyo hapo. Nikamtupia swali: hivi huyu Samora ni nani? Akacheka. "Si mtaa huu?" Nikamwambia mtaa nauona, namwulizia mtu. Akakuna kichwa, akasema labda ni mzee fulani wa TANU.

Mimi sikucheka. Nimezaliwa Mpepai, kule Mbinga, wilaya ambayo ukielekea kusini unaingia Msumbiji. Kwetu Msumbiji si habari za kimataifa, ni jirani. Nikamweleza. Akanijibu kwa swali ambalo ndilo limenikalisha niandike haya: "Sasa nikishamjua, itanisaidia nini?"

Haya, ngoja tujibu.

Mtaa huu umebatizwa mara nne. Wajerumani waliuita Unter den Akazien, yaani chini ya migunga. Waingereza wakaja, wakatafsiri tu: Acacia Avenue. Tukapata uhuru mwaka 1961, tukauita Independence Avenue. (Naam, uhuru wetu tukautangaza kwenye kibao kwa Kiingereza!) Baadaye ndipo ukapewa jina la Samora Machel.

Sasa twende kwa miguu. Ukitoka Mnara wa Saa ukavuka Morogoro Road na kusonga mbele, utafika kwenye mzunguko wenye Sanamu la Askari. Hapo kwanza Wajerumani walimweka Hermann von Wissmann, yule aliyevunja upinzani wa pwani ulioongozwa na Abushiri, ambaye alinyongwa Pangani mwaka 1889. Waingereza walipouteka mji mwaka 1916 wakamwondoa Wissmann. Mwaka 1927 wakamsimamisha askari wa shaba, kumbukumbu ya Waafrika waliopigana Vita Kuu ya Kwanza. Walipigana vita ya nani? Ya Mwingereza dhidi ya Mjerumani, wakigombea nyumba isiyo ya yeyote kati yao.

Endelea mbele utafika upande wa Bustani ya Mimea, huko kulikokuwa Uzunguni. Geuka utazame ulikotoka: maduka na maghorofa ya Uhindini, hadi Mnara wa Saa, ambako Mtaa wa Uhuru unaanza kukupeleka Mnazi Mmoja na Kariakoo. Mpangilio huo haukuja kwa bahati mbaya. Wakoloni waliugawa mji kwa rangi za watu: Mzungu upande wa bahari, Mhindi katikati, Mwafrika ng'ambo ya uwanja wa Mnazi Mmoja, ulioachwa wazi makusudi ili kututenga. Hata jina Kariakoo limetokana na Carrier Corps, kambi ya wapagazi wa vita ile ile. Maandishi ya chini ya sanamu yanawataja wapagazi pia, lakini anayeonekana juu ni mwenye bunduki. Mpagazi akabaki jina la soko, tena lililopinda hadi halitambuliki.

Kwa hiyo ramani tumeirithi. Migawanyo hatukuichora sisi, sanamu hatukulisimamisha sisi. Kilicho chetu katika mtaa huu ni jina. Na hilo jina ndilo tumelifanya kituo!

Basi jina lenyewe ni hili. FRELIMO iliundwa Dar es Salaam tarehe 25 Juni 1962. Kiongozi wake wa kwanza, Eduardo Mondlane, aliuawa kwa bomu Dar es Salaam hii hii tarehe 3 Februari 1969. Samora alifundisha wapiganaji Kongwa, akaiongoza FRELIMO baada ya Mondlane, na jeshi lake lilikuwa na kambi Nachingwea. Wakimbizi walivuka Ruvuma wakapokewa Rutamba kule Lindi na Muhukuru kule Songea. Nchi changa, maskini, ilibeba vita ya jirani kwa zaidi ya miaka kumi, na waliokuwa karibu zaidi na moto huo ni watu wa kusini, ambao leo Dar wanawaona washamba. Msumbiji ilipata uhuru tarehe 25 Juni 1975. Samora alikufa kwa ajali ya ndege Mbuzini, Afrika Kusini, tarehe 19 Oktoba 1986.

Jina hilo si pambo. Ni stakabadhi. Linasema hapa tulilipa, na tulilipa kwa ajili ya mwingine.

Najua watakaosema majina ni siasa za wazee, vijana tunataka ajira. Sawa, mimi pia nataka mshahara wangu ufike tarehe ishirini na tano. Lakini tazama wenzetu. Sanamu la Wissmann lilipelekwa Hamburg, na wanafunzi wa chuo kikuu cha huko wakaliangusha mwaka 1968. Berlin nako kulikuwa na mtaa wa Wissmann. Mwaka 2021 waliufuta, wakauita Lucy-Lameck-Straße. Ndiyo, Lucy Lameck wetu wa Moshi, mmoja wa wanawake wa kwanza kuingia serikalini Tanganyika! Mjerumani amebishana na jirani zake hadi akajua kwa nini jina moja litoke na lingine liingie. Sisi tulibadilisha majina mapema kuliko yeye, kisha tukalala.

Ninachodai si kikubwa. Jiji linapoweka kibao cha mtaa, liongeze mistari mitatu ya Kiswahili: ni nani, alifanya nini, kwa nini yuko hapa. Samora, Azikiwe, Nkrumah, Luthuli, Makunganya, wote. Nguzo za matangazo ya soda hazikosi nafasi, mistari mitatu itakosaje?

Na jamaa yangu, jibu lako ni hili. Mtu asiyejua jina la mtaa wake limegharimu nini ataliuza kwa bei ya kwanza atakayotajiwa. Siku akija tajiri akataka mtaa huu uitwe kwa jina la kampuni yake, nani atabisha? Wewe uliyedhani ni kituo?