Kabla ya kuchora sura, jifunze kuiona

Kijana unayejifunza kuchora sura za watu, hebu tuambiane ukweli. Kuweka karatasi juu ya picha, kufuatisha mistari kisha kuposti mtandaoni ni rahisi, na sifa utapata. Lakini je, siku mteja atakapokuletea kipicha cha kitambulisho kilichofifia, akuombe umchoree marehemu mamake, utafuatisha nini?

Anza na msingi. Macho hukaa karibu katikati ya kichwa, si juu kule wanakoyaweka wengi wanaoanza. Penseli za H ni ngumu na hutoa mstari hafifu. Za B ni laini na nyeusi zaidi. HB itakutosha kwa mistari ya kwanza, 2B na 6B kwa vivuli. Penseli ukiikoleza sana hung'aa, kwa hivyo weusi mzito wa nywele na mboni uachie makaa.

Na usiseme huna wa kumchora. Kioo si kiko? Jichore kila jioni, hata kama mchoro wa leo unachekesha. Yule mteja akibisha hodi, atakukuta tayari.