Maiti ya Mkristo kwenye Meza ya Anatomia

Mkristo anayeandika wosia kwamba akifa mwili wake upelekwe chuo cha udaktari havunji mafundisho ya Kanisa Katoliki, wala ya Waanglikana, Walutheri au Waadventista Wasabato. Hata hivyo, katika uwanda wa kati wa Tanzania, kuanzia Dodoma mjini hadi Kolo kwenye barabara iendayo Babati, wosia wa namna hiyo haujazoeleka. Hali ni hiyo hiyo sehemu kubwa ya Afrika kusini mwa Sahara. Ukiiacha Afrika Kusini, ambako kujitolea kumeota mizizi, vyuo vimetegemea zaidi maiti zisizo na ndugu, yaani watu waliofia wodini au barabarani na hakuna aliyekuja kuwachukua. Kwa hiyo, pamoja na kuuliza kama Mkristo anaruhusiwa kujitoa, inabidi kuulizwa ni nani hupasuliwa pale ambapo hakuna aliyejitoa.

Hofu inayotajwa kwanza ni ya ufufuo: mwili uliokatwa vipande utafufukaje? Kanisa lilikutana na swali hili mapema, kwa sababu wafiadini wake wengi hawakuzikwa. Waliliwa na wanyama, walichomwa moto, walitupwa mtoni. Agostino, katika kitabu chake juu ya Mji wa Mungu, alijibu kwamba kukosa kaburi hakumpunguzii mwamini chochote mbele za Mungu, ingawa kumzika mtu kwa heshima ni wajibu mwema wa walio hai. Mtume Paulo naye, akiwaandikia Wakorintho, aliufananisha mwili unaozikwa na mbegu, ambayo haitoki ardhini na umbo lile lile ililoingia nalo. Formalini na kisu cha anatomia haviharibu zaidi ya mchwa wa Kondoa.

Papa Pius XII alilizungumzia suala hili waziwazi tarehe 14 Mei 1956, alipokutana na watu waliohimiza utoaji wa konea za macho. Alikubali kwamba mtu anaweza kuutoa mwili wake kwa ajili ya tiba na elimu, mradi kutoa kubaki hiari na kusigeuzwe deni. Katekisimu ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1992 imeruhusu upasuaji wa maiti kwa uchunguzi wa kisheria na kwa utafiti. Madhehebu mengi ya Kiprotestanti humwachia mwamini na dhamiri yake. Waorthodoksi huwa waangalifu zaidi, kwani mapokeo yao hukataa kuchoma maiti na hutaka mwili urudi ardhini ukiwa mzima. Upo pia mfano wa zamani unaostahili kujulikana zaidi makanisani. Fransisko wa Sale, akiwa mwanafunzi mjini Padua miaka ya 1590, aliugua akadhani anakufa, akaagiza mwili wake wapewe wanafunzi wa udaktari ili waache kugombania na kuiba maiti makaburini. Alipona, akawa askofu, na baadaye akatangazwa mtakatifu.

Kwa hiyo kizuizi chenyewe hakiko kwenye katekisimu. Kiko msibani. Kolo ni kijiji cha Wilaya ya Kondoa, eneo lenye Waislamu wengi na Wakristo wachache, na pia ni mlango wa michoro ya miambani iliyoingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2006. Katika baadhi ya mapango hayo matambiko ya mvua na ya uponyaji yameendelea hadi nyakati zetu. Mahali kama hapo kifo ni kazi ya kijiji kizima. Habari ikishatoka, majembe, sururu na koleo hukusanywa, vijana hupokezana kuchimba, akina mama huwasha moto, na jioni kila mtu ametupa udongo wake. Kaburi huwapa ndugu mahali pa kwenda. Kuondoa mwili katikati ya shughuli hiyo ni kuwanyima jirani na ndugu sehemu yao, na mchungaji anayelipuuza hilo hatasikilizwa.

Nguvu ya ukoo ilionekana Kenya. Wakili S. M. Otieno alifariki Desemba 1986. Mjane wake, Wambui, alitaka kumzika Ngong na kueleza kuwa hayo ndiyo yalikuwa matakwa ya mumewe, lakini mwaka 1987 mahakama ziliupa ushindi ukoo wa mumewe, Umira Kager, na Otieno akazikwa Nyalgunga, Siaya. Kwa upande mwingine, Askofu Mkuu mstaafu wa Waanglikana wa Kenya, Manasses Kuria, alichomwa alipofariki mwaka 2005, kama mkewe Mary kabla yake. Wengi walishtuka, ila familia ilikuwa imeandaliwa, na wosia ukatimizwa.

Tanzania ina jeraha lake pia. Fuvu la Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani, lilirudi Uhehe mwaka 1954 tu, na wazao wa Mangi Meli, mtawala wa Wachaga aliyenyongwa na Wajerumani mwaka 1900, wametafuta kichwa chake kwa miaka mingi. Mafuvu mengi ya Afrika Mashariki ya Kijerumani yalipelekwa Ulaya kwa jina la sayansi bila ridhaa ya yeyote. Mzee anayesita kusikia kwamba chuo kinataka maiti hapaswi kuitwa mjinga.

Na ridhaa ndiyo inayokosekana hata leo kwenye meza za anatomia. Mwili huingizwa formalini kupitia mshipa mkubwa wa damu, kisha wanafunzi huufanyia kazi kwa miezi mingi, wakifuata neva moja kutoka kwapani hadi ncha ya kidole. Daktari atakayeshona mkono uliokatwa na panga hospitalini Kondoa anaihitaji elimu hiyo. Lakini Pius XII, katika hotuba ile ile, alionya kwamba si haki miili ya maskini wa hospitali za umma ichukuliwe kama mali ya tiba huku ya wenye uwezo ikiachwa. Onyo hilo linayagusa makanisa moja kwa moja, kwa kuwa nayo yana vyuo vya udaktari: Wakatoliki Bugando na Ifakara, Walutheri KCMC Moshi. Kanisa linalomsifu Tobiti wa Maandiko kwa kuzika maiti zilizotupwa haliwezi kunyamaza kuhusu maiti zisizo na ndugu katika vyumba vyake lenyewe. Njia iliyo wazi ni waumini wake kujitolea, maaskofu na wahadhiri wakitangulia.

Kwa Mkristo wa Kolo, hilo lina masharti. Ndugu waambiwe angali hai na watie saini pamoja naye, kwa maana wao ndio watakaoupakia mwili garini. Mwili unatakiwa kufika chuoni mapema, na Dodoma iko takribani kilomita 180. Vyuo kwa kawaida hukataa mwili uliokwisha kupasuliwa kwa uchunguzi wa kifo, ingawa mara nyingi hukubali uliotolewa konea. Ibada ya kumwombea marehemu inaweza kufanyika bila jeneza. Masomo yakiisha, chuo kiyarudishe mabaki yazikwe kijijini kwa jina lake, na maiti zisizo na ndugu nazo zizikwe hivyo hivyo, kwa sala na kwa gharama ya chuo.