Njia Fupi Ni Faida ya Nani?

Siku hizi wenzetu wanaopeleka vifurushi kwa pikipiki mjini Nairobi hawapangiwi njia na karani. Simu ndiyo huwaambia: anza hapa, kisha pale, na dakika zako ni hizi. Matajiri wasema mpango huu huokoa mafuta na wakati. Sisi hatubishi. Mtu mwenye vifurushi 10 aweza kuvifuatanisha kwa namna 3,628,800, wala hakuna kichwa kiwezacho kuzipima zote. Huko Marekani kampuni ya UPS huwaepusha madereva wake na kukata kushoto, kwa kuwa huko magari hupita upande wa kulia, na anayekata kushoto hungoja akichoma mafuta bure. Kwetu ingekuwa kukata kulia. Hayo ni maarifa mema.

Lakini tuulize: mashine yapima nini? Yapima barabara. Haipimi ngazi za ghorofa ya tano isiyo na lifti. Haimpimi askari wa geti anayetaka uandike jina kitabuni, wala mwenye mzigo asiyeshika simu. Nchi yetu ilizoea barua kwenda kwenye sanduku la posta, si mlangoni. Nyumba nyingi hazina nambari, na mzigo hufika kwa kuulizia nyuma ya kanisa, karibu na kinyozi. Mathare na Muthaiga zatazamana, lakini Barabara ya Thika imelala katikati, na daraja la waendao kwa miguu si njia ya pikipiki. Anayeyajua haya ni mpelekaji, na ujuzi huo ni kazi.

Kwa anayelipwa kwa kila mzigo, dakika 15 za kungoja getini ni hasara yake peke yake. Kwa anayelipwa kwa kilomita, njia ikifupishwa malipo nayo hufupishwa. Na simu ikimwandika kuwa amechelewa, ataongeza mwendo na kupita taa nyekundu. Basi akiba huingia katika hesabu ya tajiri, na mguu uliovunjika katika hesabu ya mfanyakazi.

Yatupasa kudai mambo matatu. Kwanza, dakika za getini na za ngazini zihesabiwe na kulipwa. Pili, mpelekaji aruhusiwe kubadili mfuatano wa nyumba bila kuadhibiwa. Tatu, faida ya njia fupi igawanywe.

Hii si ndoto. Mwaka 2023 chama cha Teamsters, kwa niaba ya wafanyakazi wa UPS wapatao 340,000, kilipata mkataba uliozuia kamera za kumtazama dereva akiwa kazini. Hawakuvunja mashine. Walikwenda kwa tajiri wakiwa chama kimoja, wakapatana naye.

Mpelekaji mmoja akilalamika, hufungiwa kazi katika simu na mwingine huchukua mzigo wake. Wakisema wote kwa sauti moja, nani atapeleka mizigo? Ndugu mwenye pikipiki, njoo ujiandikishe katika chama.