Je, Faulo ni Dhambi?

Wahenga walinena: mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Katika viwanja vya mpira wa kikapu hapa Kisumu, mnyonge huyo aghalabu ni mwamuzi.

Hivi majuzi nilitazama mechi moja ya wanafunzi mjini humu. Zikiwa zimesalia sekunde chache, mshambulizi aliyekuwa akidunda mpira aligongana na mlinzi, wote wawili wakaanguka. Kipenga kikalia: kosa la mshambulizi. Upande wetu ukahamaki. "Hakufanya madhambi! Hakukusudia!" jirani yangu alifoka, nami nikafoka naye. Baadaye rafiki yangu aliyeketi upande wa pili akaniuliza swali moja tu: "Miguu ya mlinzi uliiona?" Sikuwa nimeiona.

Ni maoni yangu kwamba neno "madhambi", tulilolizoea katika utangazaji wa soka, linatupotosha. Humfanya msikilizaji atafute nia ya mchezaji, ilhali faulo haitegemei nia. James Naismith alipoandika kanuni 13 za mchezo huu huko Springfield, Marekani, mwaka wa 1891, alikataza kusukuma, kushika na kupiga ngwara, bila kuuliza nia. Nia ya wazi ya kuumiza aliitaja kando, kama sababu ya kumfungia mchezaji nje mechi nzima. Hata leo, kanuni za FIBA humwelekeza mwamuzi kwenye mambo yanayoonekana. Je, kabla ya mgongano mlinzi alikuwa amemkabili mpinzani, miguu yote miwili ikiwa chini? Je, aligongwa kifuani? Ikiwa ndivyo, mshambulizi amekosa, hata moyo wake uwe mweupe kama pamba. Mlinzi akichelewa na kumzibia njia, kosa ni lake.

Je, waamuzi hawakosei? Hukosea, tena sana, na shabiki ana haki ya kuhoji. Lakini na ahoji kwa hoja: nani alitangulia pale?

Hapa ndipo lilipo jukumu letu, wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili. Kiingereza kina istilahi mbili kwa makosa haya mawili. Sisi tunayatia katika kapu moja la madhambi. Napendekeza "kuvamia" kwa mshambulizi na "kuziba" kwa mlinzi. Aliye na maneno bora na ayalete. Tusipowapa mashabiki wetu, toka Kisumu hadi Maseno, maneno ya kuhojia, watabakia na yale ya kutukania.